Shajara ya Mradi: Kizimba cha Mazoezi ya Kupinduka kwa Askari wa Magari ya Kivita ya Kubeba Fedha

5 Februari 2024: Gari lililoletwa karakana

Kampuni moja ya ulinzi inayosafirisha fedha kati ya Mbeya, Chunya na Tunduma imeleta katika karakana yetu ya Iyunga gari lake la kivita lililopinduka, ili tukadirie kama linafaa kutengenezwa. Ni Land Cruiser ya pikapu iliyojengewa sanduku la chuma kisichopenywa na risasi, nayo ilipinduka kwa namna ambayo magari mengi hupinduka: magurudumu ya kushoto yalitoka kwenye lami, yakazama katika udongo uliolainishwa na mvua, na gari likajikwaa.

Swali la matengenezo tulilijibu siku hiyo hiyo, kwa kuwa chesisi imepinda na gharama ya kuinyoosha inazidi thamani yake. Kilichotushughulisha zaidi ni hali ya ndani. Sanduku la chuma lilikuwa karibu zima. Nguzo za milango hazikujikunja, vioo vinene vilipasuka juujuu bila kutoboka, na paa lilibonyea kwa upana wa kidole tu. Hata hivyo askari wote watatu waliokuwemo waliumia, mmoja shingo, mmoja mtulinga na mmoja kichwa. Dari ya chuma isiyofunikwa kwa kitu chochote laini ilikuwa na mikwaruzo ya kofia. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umeng'oka kwenye kishikio chake na kuacha mbonyeo katika mlango wa upande wa pili. Sanduku la fedha, ambalo kwa desturi yao huwekwa miguuni, lilikutwa nyuma ya kiti cha dereva. Mikanda ya viti vya nyuma ilikuwa imekunjwa chini ya sponji, na vumbi lililotanda juu yake lilionyesha kwamba haikuwa imeguswa kwa muda mrefu.

Kwa maoni yetu, chuma kilijengwa kwa ajili ya risasi ambazo siku hiyo hazikupigwa, kisha kikawa ndicho kilichowaumiza waliomo. Tumeipendekezea kampuni kazi mbili: kurekebisha ndani ya gari lao la pili la aina hiyo hiyo, na kuikata kabini ya gari lililokufa ili iwe kizimba kinachozunguka, ambamo askari watajifunza kukaa, kujishika na kutoka gari linapolala ubavu au kugeuka miguu juu.

Wazo la kizimba si letu. Jeshi la Marekani lilitengeneza vifaa vya namna hiyo kutokana na kabini za magari yake ya kijeshi ya Humvee, na baadaye kwa magari yenye kimo kikubwa zaidi yaliyojengwa kustahimili mabomu ya ardhini, baada ya kuona kwamba kadiri gari lilivyoongezewa chuma ndivyo lilivyopinduka kwa urahisi zaidi. Ripoti ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya serikali ya nchi hiyo, iliyotolewa mwaka 2021, ilihesabu ajali 3,753 za magari ya kijeshi nje ya mapigano katika jeshi la nchi kavu na kikosi cha wanamaji kati ya miaka ya fedha 2010 na 2019. Askari 123 walikufa katika ajali hizo, na asilimia 63 ya vifo hivyo ilihusishwa na kupinduka.

19 Februari 2024: Kupima kimo cha kitovu cha uzito

Kabla ya kukata chochote tulitaka kujua gari la pili, ambalo bado linafanya kazi, limepoteza utulivu kiasi gani kwa kuongezewa chuma. Kanuni ni rahisi: nusu ya upana kati ya matairi, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito (nukta ambamo uzito wote wa gari hufikiriwa kukusanyika), hutoa kadirio la nguvu ya ubavuni inayotosha kuliangusha gari.

Kimo hicho hupatikana kwa kulipima gari likiwa tambarare, kisha kuinua ekseli ya mbele na kusoma uzito ulioongezeka kwenye ekseli ya nyuma. Kipimo cha kwanza kilitoa jibu lisilowezekana, kitovu kikiwa juu ya usawa wa dirisha, kwa sababu springi za nyuma zilishuka tulipoinua mbele na gari likainama zaidi ya pembe tuliyoiandika. Dawa yake ilikuwa vipande vya mbao ngumu vilivyogongwa kati ya chesisi na ekseli ili springi zisicheze, na matairi kujazwa upepo hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Kipimo kilichofuata kilikuwa cha kuaminika. Gari lina uzito wa kilo 3,900 na urefu wa meta 3.18 kati ya ekseli. Mbele ilipoinuliwa kwa nyuzi 15, ekseli ya nyuma iliongezeka karibu kilo 190. Ukiufanyia hesabu na kujumlisha nusu ya kimo cha tairi, kitovu kiko takriban sentimeta 95 kutoka ardhini. Land Cruiser ya kampuni hiyo hiyo isiyoongezewa chuma ilitoa sentimeta 80 hivi.

Upana kati ya matairi ni sentimeta 148. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha meta 40, gari la kawaida kwa hesabu ya karatasi huanguka likifika kilometa 68 kwa saa, na la kivita kilometa 63. Dereva mmoja aliyekuwa akitutazama alisema tofauti hiyo ni ndogo, na kwa namba tupu ana haki. Hata hivyo hesabu hiyo hudhani gari ni jiwe moja lisilo na springi wala matairi ya mpira. Gari halisi huegemea nje ya kona na kukihamisha kitovu chake, na likikwaa ukingo wa lami huanguka kwa mwendo ulio chini sana ya huo. Anayeshuka Mlima Nyoka au Kawetere akiwa na tani moja na nusu ya chuma mabegani hana kilometa tano za kuchezea.

4 Machi 2024: Fremu na ekseli

Kabini imekatwa nyuma ya viti vya askari, ikaondolewa injini, dashibodi yenye nyaya na tangi, na kuachwa na milango, viti, usukani na paa. Uzito wake pamoja na fremu ya kuishikia ni kilo 820. Fremu ni ya mabomba ya mstatili ya milimeta 100 kwa 50, yenye unene wa milimeta 4.

Sehemu ya kuzungukia tulikusudia kuichonga kwenye leithi, lakini bei ya shafti na nyumba za beringi ilitukatisha tamaa. Badala yake tumenunua kwa shilingi 400,000 ekseli ya nyuma ya Fuso iliyokwisha kazi, tukaikata katikati na kuchukua ncha zake mbili zikiwa na habu (sehemu zinazozunguka na kubeba magurudumu), beringi na breki za dramu. Beringi zilizozoea kubeba tani kadhaa barabarani hazitambui kabini yenye watu wanne, na breki imekuja bila kulipiwa. Yeyote atakayenakili mradi huu tunamshauri aanzie hapo. Nguzo mbili za kubebea ncha hizo zimesimikwa kwenye zege kwa bolti za nanga. Zege litaachwa likomae kwa wiki nne kwa kuwa mvua na baridi ya Mbeya hulichelewesha.

6 Aprili 2024: Mzunguko wa kwanza, na kwa nini uliharibika

Tuliweka mhimili katikati ya kimo cha kabini kwa kuwa ndiko jicho lilikoelekea. Tulizungusha kwa mnyororo na gurudumu la mkono, kabini ikiwa tupu. Ilipanda hadi ikalala ubavu kwa kazi kubwa, ikavuka juu, kisha ikaporomoka upande wa pili kwa uzito wake, ikalinyang'anya gurudumu la mkono na kulivunja jino la gia ya mnyororo. Hakuna aliyekuwa karibu, kwa kuwa tulikuwa tumechora mstari wa chokaa ambao haukuruhusiwa kuvukwa.

Sababu ni kwamba sakafu na viti ni vizito kuliko paa lililopunguzwa vitu, hivyo kitovu cha uzito kilikuwa sentimeta 14 chini ya mhimili. Kilo 820 zinazoning'inia umbali huo hudai nguvu ya mzunguko inayozidi niutoni-meta 1,100, na mnyororo wa pikipiki haukujengwa kwa mzigo huo. Hasara ya mnyororo na gia ilikuwa shilingi 160,000.

Tuliyatengeneza upya mabamba ya kushikia habu yakiwa na matundu marefu ya wima, ili mhimili uweze kusogezwa juu au chini bila kuchomelea tena. Kisha tuliweka kwenye kila kiti mfuko wa mchanga wa kilo 70, tukaufunga kwa mkanda, na kuuteremsha mhimili kidogo kidogo huku tukiiachia kabini izunguke yenyewe hadi ikatulia kwa upole. Hatukutafuta usawa kamili. Tuliacha kitovu kikiwa sentimeta 3 chini ya mhimili kwa makusudi, ili kabini ikiachiwa irudi yenyewe kusimama wima. Uamuzi huo ulionekana wakati ule kuwa jambo dogo.

27 Aprili 2024: Mota, umeme kukatika, na pini ya kuachia

Mnyororo wa mkono umeachwa. Tumefunga mota ya kilowati 2.2 yenye giaboksi ya kupunguza mwendo mara 60, ya aina ambayo gia yake ya msokoto hujifunga yenyewe mota ikisimama, kisha mnyororo mzito unaopunguza tena mara nne. Kabini hukamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 10. Ajali halisi ni ya kasi kuliko hiyo, lakini hatutafuti kuigiza kishindo. Tunachotaka ni mtu apotewe na juu na chini, kisha atende lililo sahihi. Mota na giaboksi, vyote vilivyotumika, vimegharimu shilingi 1,400,000. Kebo, swichi na kitufe cha dharura shilingi 310,000.

Sifa ya gia kujifunga yenyewe ndiyo iliyotufanya tuichague, na ndiyo iliyoleta tatizo kubwa kuliko yote katika mradi huu. Mchana mmoja, mifuko ya mchanga ikiwa ndani na kabini ikiwa miguu juu, umeme ulikatika. Kabini ilibaki hapo. Breki ikafunguliwa, haikusaidia, kwa kuwa giaboksi ndiyo iliyoishikilia. Umeme uliporudi jioni mifuko ilikuwa bado inaning'inia. Kama wangekuwa askari, tungewatoa kwa ngazi huku damu imewajaa kichwani.

Jenereta ya akiba ingegharimu zaidi ya mota yenyewe, na jenereta nazo hukataa kuwaka siku zinapohitajika. Tulitafuta njia isiyohitaji umeme kabisa. Kati ya gia kubwa ya mnyororo na shafti ya kabini tumeweka kiunganishi kinachoshikwa na pini mbili za milimeta 20, zenye mkono mmoja wa kuzichomoa. Msimamizi hukaza kwanza breki ya dramu, huchomoa pini, kisha hulegeza breki taratibu, na kabini, kwa kuwa ni nzito chini, hujizungusha yenyewe mpaka wima. Bila zile sentimeta 3 njia hii isingefanya kazi.

Nyongeza iliyoandikwa baadaye: askari wenyewe walipokaa ndani, kabini ilikataa kurudi. Watu wakiwa kichwa chini hushuka kwenye mikanda yao kuelekea paa, na kushuka huko kunakisogeza kitovu cha uzito cha kabini nzima karibu na mhimili. Isitoshe, kabini iliyosimama kichwa chini sawasawa haina upande wa kuangukia. Tumeongeza tofauti hadi sentimeta 5 na kufunga bomba la meta moja kwenye habu, ambalo mtu mmoja hulisukuma kuianzisha. Sasa kanuni yetu ni kwamba kila siku ya mazoezi huanza kwa kuzima umeme kwa makusudi na kuirudisha kabini kwa pini, mifuko ya mchanga ikiwa ndani.

18 Mei 2024: Viti na mikanda

Hii ndiyo sehemu ambayo karakana nyingine huipa nusu saa, nasi tumeipa majuma.

Katika gari asilia askari wa nyuma waliketi kwenye benchi lililotazama ubavuni, wakiwa na mkanda wa kiunoni tu. Gari likilala, mkanda huo humshika mtu nyonga na kumwachia kiwiliwili kirushwe kama tawi. Tumeling'oa benchi na kuweka viti viwili vinavyotazama mbele, vyenye mikanda ya ncha nne: miwili ya mabegani na miwili ya kiunoni, inayokutana kwenye kifungo kimoja. Bei ya mikanda ni shilingi 185,000 kwa kiti kimoja, kutoka Dar es Salaam.

Jaribio la nanga lilifunza mengi. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa kuhusu nanga za mikanda hutaka, kwa magari madogo, kwamba mkanda wa kifua na wa kiunoni kila mmoja ustahimili mvuto wa niutoni 13,500, yaani karibu tani 1.4. Hatuna mtambo wa kupimia, lakini tuna winchi ya mnyororo na mizani ya kuning'iniza. Bolti iliyopitishwa kwenye bati la sakafu na washa ya kawaida ilichomoka ikiwa na kilo 600 tu, ikaacha tundu lenye kingo zilizokunjuka juu. Tuliweka chini ya sakafu bamba la milimeta 5 lenye upana wa sentimeta 10 kila upande, kingo zake zikiwa zimenolewa mviringo ili zisikate bati, na mvuto ukafika tani 1.4 bila sakafu kubonyea kwa kiasi cha kuonekana. Anayefunga mkanda mzuri kwenye bati tupu ameuza utepe.

Kisha nafasi ya kichwa. Askari mrefu kuliko wote wa kampuni hiyo alibakiwa na sentimeta 9 kati ya utosi na dari. Mtu aliyening'inia kichwa chini hushuka kwa sentimeta sita mpaka nane, hata mkanda ukiwa umekazwa vizuri, kwa kuwa utepe hunyumbuka na mwili wenyewe hulegea. Hesabu haikubali, kwa kuwa huenda ikabaki sentimeta moja tu kabla hata ya kuweka kitu laini darini. Tumeshusha viti kwa sentimeta 5, kisha tukaifunika dari kwa sponji.

Sponji ya godoro tuliyoanza nayo ilikuwa kazi bure: ukiibonyeza kwa kidole gumba unakigusa chuma, na kipande tulichokiwashia kiberiti kiliwaka kwa moshi mzito mweusi. Tumeibadilisha kwa mikeka migumu ya mazoezi yenye unene wa milimeta 25, iliyofunikwa kwa turubai lisiloshika moto upesi, na tukaigandisha pia kwenye kingo za milango na nguzo. Ile ya kwanza imetupwa, hasara ikiwa shilingi 70,000.

Hapa ndipo uongozi wa kampuni ulipotaka tuongeze ndani ya gari mabomba ya kinga kama yale ya magari ya mashindano. Tulikataa na tukaandika sababu. Sweden iliagiza fremu za kinga kwenye matrekta mapya mwaka 1959 kwa kuwa trekta la wakati huo lilikuwa wazi na dereva hakuwa na kitu juu yake. Gari letu ni sanduku tayari, na ajali yenyewe imethibitisha kwamba sanduku hilo halikuporomoka. Dereva wa mashindano huvaa helmeti na kukazwa kwenye kiti asiweze kugeuka. Askari wetu havai helmeti hiyo, na bomba lililo karibu na kichwa chake ni nyundo inayosubiri. Fedha hizo zimekwenda kwenye mikanda.

1 Juni 2024: Vitu vilivyo huru

Tulizungusha kabini ikiwa na vitu vyote ambavyo gari hubeba siku ya kazi, mifuko ya mchanga ikiwa vitini. Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 6 ulitoka kwenye kishikio cha plastiki kabla kabini haijalala kabisa. Tuliwaeleza walioshangaa kwamba huo ulikuwa mzunguko wa sekunde 10. Gari linalosimama ghafla kutoka kilometa 30 kwa saa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hukifanya kila kitu kilichomo kuvutwa mbele kwa zaidi ya mara nane ya uzito wake, na mtungi huo hugeuka mzigo wa kilo 50.

Sanduku la fedha tulilifunga kwanza kwa kamba za mpira. Hazikukatika, ila zilinyumbuka, sanduku likaenda hadi kwenye mfuko wa mchanga na kurudi mahali pake kana kwamba halikutoka. Mikanda ya kukazia mizigo ya malori, inayouzwa kila mahali kuanzia Mwanjelwa hadi Tunduma, imelimaliza tatizo hilo. Mtungi umepata kishikio cha chuma chenye kifungo cha kubana. Redio imefungwa kwa bolti, na chupa za maji zimepewa mfuko wa turubai mlangoni.

Silaha zilileta ubishi. Askari huishikilia bunduki kati ya magoti, mdomo ukiwa juu, na wanaamini hakuna mahali pengine panapofaa. Tumetengeneza kishikio cha wima kati ya viti viwili, chenye kitako cha kuzamia na komeo la juu linalofunguliwa kwa dole gumba. Ndani ya kizimba hutumika bunduki za mbao peke yake, na hakuna silaha halisi inayovuka mstari wa chokaa.

22 Juni 2024: Watu ndani ya kizimba

Kabla ya yote kila askari alipimwa shinikizo la damu na mganga wa zahanati, na waliokuwa na maumivu ya shingo au mgongo, waliofanyiwa upasuaji wa macho karibuni na mjamzito mmoja hawakuingia. Chai nzito ya asubuhi nayo imepigwa marufuku siku ya mazoezi, kwa sababu ambazo sakafu ya kabini ilizieleza siku ya kwanza.

Mkuu wa askari alisimama mlangoni na kukataa kujifunga. “Fundi, tukishambuliwa nitashukaje nikiwa nimefungwa hivi?” Nilimjibu, “Afande, keti kwanza, tukupime kwa saa.” Akashuka mara kadhaa akiwa na mkanda na mara kadhaa bila mkanda. Kilichomchelewesha kila mara ni mlango mzito; mkanda wa kifungo kimoja ulimwongezea muda usiozidi wa kuvuta pumzi moja. Hakusema kwamba ameshawishika, ila baada ya hapo aliwakemea vijana wake waliolegeza mikanda.

Mazoezi yana vituo vitatu. Kabini husimama kwanza kwenye nyuzi 25, pembe ambayo jeshi la Marekani huwafundisha askari wa Humvee kuihesabu kuwa mwanzo wa kupinduka. Karibu kila aliyeketi alidhani amefika nyuzi 45, na dereva anayepotoshwa na mwili wake namna hiyo hukata usukani kupita kiasi. Hapo anayeona kwanza hupiga kelele “Linapinduka!”, dereva hushika usukani vidole gumba vikiwa nje, na wengine hukunja kidevu kifuani na kushika mikanda ya mabega. Mkono unaonyooshwa kujizuia dirishani ndio unaovunjika.

Kituo cha pili ni kulala ubavu. Aliye juu akifungua mkanda kwanza humwangukia aliye chini, na ndivyo ilivyotokea kwa jozi ya kwanza, ingawa mikeka iliwapokea. Utaratibu sasa ni kwamba wa chini hujifungua, husogea, kisha humpokea mwenzake mgongoni.

Kituo cha tatu, kichwa chini, ndicho kilichofichua tabia iliyo hatari kuliko zote: kidole hukimbilia kifungo kabla mwili haujajiandaa, na mtu huangukia shingo. Tunawafundisha kukita miguu mbele, kusukuma paa kwa kiganja kimoja, kuuinua uzito utoke kwenye mkanda, kisha kufungua kwa mkono wa pili. Kifungo nacho huwa kigumu uzito ukiwa juu yake, jambo ambalo wengi walidhani ni ubovu wa mkanda. Kisu cha kukatia utepe kimefungwa kwa kamba fupi usawa wa bega, kwa kuwa kile kilichokuwa mfukoni mwa suruali hakikufikiwa na yeyote.

Hakuna anayeachwa kichwa chini zaidi ya dakika moja.

13 Julai 2024: Mlango wa gari halisi na kitundu cha paa

Mazoezi yalitulazimisha kurudi kwenye gari la pili. Mlango wake wa pembeni una chuma cha milimeta 6.5, ambacho peke yake ni kilo 51 kwa kila meta ya mraba, pamoja na kioo kinene, na kwa jumla unafika kilo 130. Gari likiwa limelala, mlango wa juu hauinuliwi na mtu aliyesimama juu ya kiti. Kitundu cha paa, kinyume chake, gari likilala huwa mlango wa ukutani usawa wa kiuno. Gari hilo lilikuwa nacho kidogo cha kupitishia hewa, chenye kufuli linalofunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo hukaa ofisini.

Tumekipanua kuwa sentimeta 60 kwa 45. Chuma cha kuzuia risasi hakikatwi kwa moto wa gesi, kwa kuwa joto hulainisha kingo zake na kuufuta ugumu uliolipiwa. Tumetumia grainda, tena polepole, na ndani tumepachika ukanda wa chuma cha aina hiyo unaoufunika mpasuo kwa sentimeta 5 kila upande. Kifuniko kina kilo 17 na mkono mmoja wa ndani usio na ufunguo. Mvua ya majaribio, yaani mpira wa maji na kijana mwenye subira, ilipenya kwenye kona moja, na raba nene zaidi imeiziba.

Kwenye dashibodi tumefunga kipima mwinamo cha pendulamu chenye alama kwenye nyuzi 15 na 25. Kwenye kona husoma zaidi ya mwinamo wa barabara, kwa kuwa pendulamu huvutwa na mwendo pia. Madereva walilalamika kwamba kinadanganya. Kwa kazi hii tunaona kinasema kweli kuliko kingesoma barabara peke yake.

27 Julai 2024: Hesabu na yaliyosalia

Kizimba kimegharimu shilingi 6,665,000. Juu ya yaliyotajwa, chuma cha fremu na mabamba ni 1,350,000, zege na bolti za nanga 420,000, mikanda ya viti vinne 740,000, mikeka na turubai 260,000, vishikio na mikanda ya mizigo 185,000, na ufundi 1,600,000. Vilivyovunjika au kutupwa, pamoja na kamba za mpira za shilingi 24,000, ni 254,000 nje ya hesabu hiyo. Marekebisho ya gari la pili yatahesabiwa peke yake kitundu na viti vikikamilika.

Yaliyosalia ni matatu. Kinga ya mnyororo bado ni ya wavu mwepesi na itabadilishwa kwa bati. Viti vya gari la pili vitashushwa mwezi Agosti, gari litakapopumzishwa kwa siku chache kati ya safari za Chunya. Kampuni pia imeomba kizimba kisafirishwe hadi Iringa kwa askari wanaopita Kitonga, na hilo litahitaji nguzo za kufungwa kwenye trela badala ya zege. Hesabu ya trela kutopinduka kabini inapozungushwa juu yake ndiyo tunayoifanya sasa, na tumeshaona kwamba vikita vya pembeni, yaani miguu ya kukita ardhini, vitapaswa kutoka nje kwa zaidi ya meta moja kila upande.